Kitenzi Ndani ya Sahani

Mdogo wangu Mwaja alipougua, nilimwandikia kombe kwa kitenzi cha Kihispania. Naiandika sentensi hii asubuhi kabla sijanywa chai, maana nikishashiba huwa naanza kujitetea. Kombe, kwa asiyekulia kwetu, ni ile sahani nyeupe ambayo mwalimu wa chuo cha Kurani huiandika aya kwa wino wa zafarani, kisha ikamwagiwa maji, maandishi yakayeyuka, na mgonjwa akanywa. Mimi sikuwa mwalimu wa chuo. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi, sina udhu, sina zafarani, na nilichoandika hakikuwa aya. Kilikuwa kitenzi kinyonge tu, kile wanachoanzishiwa watoto wa shule huko mbali, chenye maana ya kuimba.

Kilichonikumbusha ni manjano ya kupikia. Juzi nilikuwa jikoni natafuta chumvi, nikafungua kopo silo, likanirushia vumbi lake usoni, na badala ya kupiga chafya kama mtu mwenye akili nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi nikalia. Mwanangu wa mwisho akachungulia mlangoni.

"Mama, kitunguu?"

"Kitunguu," nikamjibu. Ndani ya nyumba hakukuwa na kitunguu tangu Ijumaa.

Mimi ni mtu wa nyumbani, na niliosoma nao wananicheka kwa hilo. Wao walitawanyika. Mimi nilimaliza kidato cha nne, mwalimu wa darasa akanisomea alama yangu ya Kiingereza kwa kunong'ona kama anayetoa habari ya msiba, nikarudi kijijini na sikuondoka tena. Safari yangu ndefu ni Mtwara mjini, na hata huko nikilala siku mbili naanza kuwaota kuku wangu. Kwa hiyo mnielewe nikisema kwamba lugha ya mbali kuliko zote nilizowahi kuzigusa ilinifuata yenyewe, nikiwa nimekaa pale pale uani kwetu. Ilipofika nikaitumia vibaya.

Kijiji chetu kiko nyuma kidogo ya Kitaya, ukishuka kuelekea mtoni. Ng'ambo ni Msumbiji, lakini sisi wadogo tulijua tu kuwa ng'ambo ndiko baba analima mpunga na ndiko wanakotoka mashangazi wanaocheka kwa sauti. Ninyi wa rika langu mtakumbuka kipindi kile vita vya kwao vilipokwisha, watu wakaanza kurudi kwao, na wengine, wasiokuta mtu wala nyumba, wakavuka kuja kwetu. Amelia alikuwa mmoja wa hao wa pili. Mama yake alikuwa dada wa jirani yetu Bi Zamda, tumbo moja, ziwa moja. Mama huyo alikwisha kufa. Amelia akaja kwa mama yake mdogo na sanduku la bati, magauni mawili na daftari.

Bi Zamda ni lazima niwaeleze mapema. Alikuwa na mdomo usio na kifuniko. Mwaja alipozaliwa, wanawake wote walisema mashallah mtoto mzuri, yeye alimfunua, akamtazama, akamwambia mama, "Kachukua pua ya baba yake. Pole." Ukimpikia akala akanyamaza, ujue umepika vizuri. Uani kwake na uani kwetu palitenganishwa na ua wa makuti uliokuwa na tundu kubwa, na tundu lile ndilo lililokuwa mlango wangu.

Hadithi ya Amelia tuliipata vipande vipande. Akiwa na miaka kumi na moja alichukuliwa na wenzake wengi, wakapandishwa meli, wakapelekwa kisiwa kiitwacho Kuba kusoma. Alikaa huko mpaka akawa mtu mzima. Sasa jambo lililotuchekesha sisi watoto ni Kimakonde chake. Kilikuwa Kimakonde cha mtoto wa miaka kumi na moja, kimesimama pale pale alipopandia meli. Mwanamke mzima, mrefu, ana mvi mbili mbele, halafu anaomba maji kwa sauti na maneno ya mtoto anayelilia uji. Kiswahili alikuwa anakiokota kwetu, na sisi tulikuwa tunampa kilichovunjika makusudi. Tulimfundisha kuwa "shikamoo" ndiyo salamu ya kuku. Akawaamkia kuku wa Bi Zamda siku tatu nzima. Nilikuwa miongoni mwa wafundishaji, msiniulize nilikaa wapi kwenye kundi, nilikaa mbele.

Siku ya nne Bi Zamda akatoka na mwiko.

"Nani kamwambia mwanangu aamkie kuku?"

Wenzangu wakapotea. Mimi nilikuwa nimekaa nakula ming'oko yao, mdomo umejaa, sikuweza kukimbia wala kusema uongo.

"Wewe Somoe, utakaa hapa kila siku baada ya chuo umfundishe maneno ya kweli. Na ukimdanganya tena, nitakupaka pilipili mahali ambapo mama yako hatapaona."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Tulikuwa tunakaa kwenye mkeka tukimenya ming'oko, vile vizizi vyetu vya porini ambavyo mtu wa mbali akivila mara ya kwanza hudhani kapewa kamba achemshe. Mimi namwambia "kisu", yeye anasema "kisu". Namwambia "sufuria", anasema "sufuria". Baada ya siku chache akachoka kuwa mwanafunzi. Akaingia ndani, akatoka na daftari lake, akalifungua ukurasa uliokuwa laini kama kitambaa kwa kufunguliwa, na akanionyesha viboksi sita vilivyochorwa kwa rula, vitatu kushoto na vitatu kulia.

Ndani ya viboksi mlikuwa na maneno. Yalikuwa na herufi c isiyo na h, ambayo mimi sijawahi kuiona ikitembea peke yake. Akaweka kidole kwenye kiboksi cha kwanza.

"Yo canto."

Nikarudia. Akahamisha kidole.

"Tú cantas."

Halafu ella canta. Halafu kulia, nosotros cantamos. Kiboksi cha tano kilikuwa kimekatwa kwa mstari wa kalamu, kona hadi kona, akakiruka. Cha mwisho, ellos cantan. Nilipomuuliza habari ya kile cha tano alitikisa mkono. "Hicho kule hatusemi. Acha."

Alinieleza maana, kwa mikono na kwa kuimba kidogo: mimi naimba, wewe unaimba, yule anaimba. Neno moja, alisema, unalibadilisha mkia tu, na kila mtu anapata lake. Nilimsikia lakini sikumsikiliza. Mimi nilikuwa mtoto wa chuo. Maalim Issa alikuwa ametuhifadhisha nusu ya juzuu ya Amma bila kutufasiria hata neno, na ukiuliza maana anakwambia, "Maana itakuja yenyewe, wewe hifadhi." Kwangu neno la kigeni lenye mpangilio lilikuwa kitu cha kuhifadhiwa, na likishahifadhiwa linafanya kazi yake, ujue usijue. Tena vile viboksi nilikwisha kuviona. Kitabu cha Maalim Issa, kile anachokifungia kwenye kitambaa cha kijani, kina viboksi vile vile, na kimoja huwa kinaachwa.

Tukawa na mchezo. Yeye akisema cha kwanza, mimi najibu cha pili, yeye cha tatu, mimi cha nne, cha mwisho tunasema pamoja. Akiwa anatwanga, "Yo canto," na mimi kwa upande wa pili wa ua, "Tú cantas." Akienda kisimani, akirudi. Ming'oko ikaisha, korosho zikaanza, tukawa tunaokota korosho chini ya mikorosho ya Bi Zamda huku mikono inanuka mabibo, na kitenzi kinakwenda na kurudi. Mwaja, aliyekuwa na miaka minne, alitufuata nyuma na kikapu chake akisema "tukanta, tukanta" bila mpango. Amelia alikuwa anacheka mpaka anashika kiuno. Niliona, hata kwa akili yangu ile, kwamba akisema maneno yale uso wake unakuwa wa mtu mzima. Sauti inashuka. Mabega yanakaa. Halafu akigeuka kumwomba Bi Zamda chumvi kwa Kimakonde, anarudi kuwa mtoto.

Siku moja nilimuuliza nani alimfundisha kile cha viboksi. Akaacha kuokota.

"Mimi kule, siku ya kwanza, mgonjwa. Homa, homa. Mama mbali. Mwalimu, mwanamke, akakaa kitandani hapa." Akapiga pale alipokaa. "Yeye, canto. Mimi, cantas. Yeye, canta. Usiku wote. Mpaka jua. Homa, hakuna."

Alikuwa ananisimulia habari ya mwalimu mwema. Mimi nilisikia dawa.

Masika yakaja mabaya. Mto ulijaa ukafunika mashamba ya ukingoni, na baba alikuwa ng'ambo, hakuna mwenye mtumbwi aliyekubali kuvuka. Mwaja alianza homa Jumatatu. Mama alimpa vidonge vichungu alivyokuwa navyo, mtoto akavitapika. Jumanne alikuwa anatetemeka hata kitanda kinalia. Jumatano mchana macho yakaanza kuangalia mahali ambapo hapakuwa na mtu. Zahanati ilikuwa mbali, njia imekatwa na maji, na baiskeli pekee ya karibu, ya mume wa Bi Zamda, ilikuwa imeazimwa. Mama alikuwa anatoka nje kuangalia kama baiskeli imerudi, anaingia, anatoka.

"Angekuwepo Maalim Issa," akasema, "angalau kombe moja, mtoto akapata usingizi."

Maalim Issa alikuwa Mikindani kwenye maulidi. Mimi nilikuwepo.

Sahani niliichukua ya bati, nyeupe, ya ukingo wa buluu, ile ya wageni. Zafarani sikuwa nayo, lakini manjano yalikuwepo, na manjano ni ya njano, na kwa mtoto wa miaka kumi hapo hoja imekamilika. Nikayakoroga na maji kidogo kwenye kifuniko cha chupa. Kalamu ilikuwa njiti ya ufagio. Nilikaa nyuma ya jiko, nikachora viboksi sita, nikaandika. Manjano hayashiki kwenye bati kama wino, maneno yakawa yanatambaa. Yo canto ikawa kama mdudu aliyekanyagwa. Nilipofika kiboksi cha tano nikakikata kona hadi kona, kama nilivyokiona. Nikasema bismillahi, nikamwaga maji, nikayazungusha mpaka yakawa rangi moja, nikayatia kwenye kikombe.

Mama alikuwa mlangoni anajifunga kanga vizuri kwenda kuifuata baiskeli mwenyewe. Bi Zamda alikuwa ndani, amekaa ukingoni mwa kitanda, anamkanda Mwaja kwa kitambaa cha maji.

"Nini hicho?" mama akauliza.

"Kombe. Mke wa Maalim kalitoa. Maalim aliliacha."

Ule ulikuwa uongo wa kwanza mkubwa maishani mwangu, na ulitoka laini kama mafuta. Mama akafumba macho. "Alhamdulillahi. Bi Zamda, mnyweshe, mimi naenda."

"Lete," Bi Zamda akasema, akanipokonya kikombe, akakitazama. "Nenda ukalete kuni."

Nilienda kuleta kuni. Nilizileta nyingi kuliko ninavyoweza kubeba, nikijua kazi imefanyika. Niliporudi kikombe kilikuwa kitupu, kimegeuzwa juu ya kiti, na Mwaja alikuwa ametulia, anapumua kwa midomo wazi. Nilisimama pale nikaona fahari. Mungu anisamehe, niliona fahari. Nilimnong'oneza sikioni, "Yo canto." Hakujibu, nikasema kalala.

Baiskeli ilipatikana usiku. Alfajiri mama na mume wa Bi Zamda waliondoka naye, amefungwa mgongoni kwa mama, baiskeli inasukumwa kwenye maji. Adhuhuri niliwaona wanarudi. Nilijua kabla hawajafika, kwa sababu mama alikuwa amepanda baiskeli, amekaa wima, amempakata, na mume wa Bi Zamda alikuwa anaisukuma polepole sana, kama mtu aliyebeba sinia la mayai. Mgonjwa hasukumwi polepole vile. Bi Zamda alitoka kwenye tundu la ua, akamwangalia mama, akaweka mikono kichwani. Ilikuwa mara ya kwanza namwona hana la kusema.

Nilichowaza siku ile nimekibeba miaka yote. Sikuwaza malaria. Niliwaza kwamba mdogo wangu aliombewa maneno ya Mungu nikamnywesha maneno ya Kuba. Halafu, kwa kuwa akili ya mtoto haitosheki na dhambi moja, nikawaza kile kiboksi cha tano. Labda kile kilichokatwa ndicho kilichokuwa na uponyaji. Labda hawakukisema kule kwa sababu ni kikali, na mimi nikaandika dawa pungufu. Nililala usiku wa kuamkia siku ya pili ya matanga nikikitafuta. Cantawe. Cantani. Cantaje. Nilijaribu mikia yote ninayoijua.

Ndipo shangazi Hadija aliponisikia. Dada yake baba, alikuwa amefika kutoka Mpapura na wanawake wenziwe, wamejaa chumba kizima kwenye mikeka. Mimi nilikuwa kona, kichwa magotini, midomo inacheza.

"Unasoma nini wewe?"

Nikasogea ukutani.

"Somoe. Nakuuliza unasoma nini. Hiyo si Kurani."

Wanawake wakageuka kunitazama. Mama alikuwa amelala kwa kuegemea ukuta, hakuinua uso. Nilikuwa na mlango wa kusema kweli, mpana kabisa: nimeandika kombe, nimedanganya, ni mimi. Nikapita kwenye tundu.

"Kanifundisha dada Amelia. Anasema ni ya homa."

Sikusema neno jingine. Sikuhitaji. Nilisikia pumzi ya wanawake kumi ikivutwa kwa pamoja. Mmoja akasema, "Ndiyo maana huwa namsikia akisema peke yake." Mwingine akasema, "Na hana mtoto." Shangazi Hadija akaniuliza kama Mwaja naye alikuwa anafundishwa. Nikasema ndiyo, alikuwa anatufuata. Ilikuwa kweli tupu, na niliitoa kama mtu anayelipa ada ya kuingia mahali.

Hakuna aliyempiga Amelia. Hakuna aliyemtukana mbele yangu. Kwetu hatufanyi hivyo, sisi ni watu wa adabu. Kilichotokea kilikuwa kisimani. Ndoo ikijaa, kwetu hutwishwa. Unashika upande huu, mwenzio upande ule, inapanda kichwani. Hakuna anayeombwa mara mbili, hata kama mmegombana jana. Wiki moja baada ya hitima nilikuwa pale na kindoo changu cha mafuta nikaona Amelia amejaza, ameweka kata yake ya kanga kichwani, ameinama kidogo, anangoja. Wanawake wanne walikuwa wanapiga soga. Soga ikaendelea.

"Nitwishe," akasema, kwa Kiswahili nilichomfundisha mimi. Alikisema vizuri, hata herufi moja haikukosewa.

"Mwambie yule unayezungumza naye akutwishe," mmoja akajibu, bila kugeuka.

Amelia alimwaga nusu ya ndoo, akajitwika mwenyewe, maji yakamlowesha bega. Kesho yake hivyo hivyo. Kesho kutwa hivyo hivyo. Bi Zamda akawa anakwenda naye kumtwisha, lakini Bi Zamda alikuwa na miguu inayovimba, hakuweza kila siku. Mimi ningeweza. Urefu wangu haukutosha kumtwisha, hiyo ndiyo hoja niliyojipa, na nilikuwa najua kwamba hata kushika tu upande wa chini kungetosha.

Mto ulipopungua Amelia aliondoka. Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka. Nilikuwa nyuma ya jiko letu, mahali pale pale nilipoandikia, nawapa kuku pumba. Alipita kwenye njia ya mtoni na sanduku lake la bati kichwani. Akaniona. Akasimama.

"Yo canto," akasema.

Akangoja. Uso ulikuwa ule wa mtu mzima. Nilijua jibu, lilikuwa limekaa ulimini, lina joto. Nyumbani alikuwemo shangazi Hadija anapepeta mchele, na sauti ya ungo ilikuwa imesimama.

Nikamwangalia kuku. Nilimwangalia yule kuku kwa bidii kiasi kwamba hadi leo naweza kuwachorea manyoya yake.

"Tú cantas," Amelia akajijibu mwenyewe, taratibu, akageuka akashuka kuelekea mtoni.

Baada ya hapo maisha yakaendelea na kazi yake ya kuendelea. Baba alirudi, akazeeka. Nilikwenda sekondari nikawa napanga vitenzi vya Kiingereza ubaoni na jasho linanitoka, mwalimu akidhani ni ujinga, na kwa kweli nusu ilikuwa ujinga. Niliolewa na mtu wa hapa hapa, nikajenga hapa hapa, ua wa makuti tukaubadilisha kuwa wa matofali na tundu likazibwa. Kila masika nilimwomba Mwaja msamaha. Kila kombe lililoletwa kwenye nyumba yangu nililinusa kwanza. Kuhusu yule mwingine, nilijituliza kwamba ana lugha tatu na sanduku zuri, mtu wa namna hiyo hafi njaa.

Bi Zamda yupo. Amebaki peke yake, macho yamefifia, mdomo haujafifia hata kidogo. Kila alasiri anakuja kukaa barazani kwangu na kukosoa. Juzi, ile siku ya manjano, alinikuta macho mekundu.

"Mumeo kafanya nini?"

"Hajafanya kitu, Bi Zamda."

"Basi ndiyo kosa lake."

Nilimpa chai. Nikakaa chini, kwenye mkeka, kama zamani. Na sijui ni manjano au ni umri, nilianza kusema. Nilimwambia habari ya sahani ya ukingo wa buluu. Nilimwambia ya njiti ya ufagio na kifuniko cha chupa, ya uongo wangu kwamba mke wa Maalim ndiye aliyetoa. Nikamwambia kwamba mle ndani hamkuwa na aya hata moja, mlikuwa na maneno ya kigeni niliyoyaokota, na hata hayo hayakutimia. Kwamba tangu siku ile nimeishi nikijua kuwa mdogo wangu nimemwua mimi kwa mkono wangu. Nikalia tena. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa mtu, na nakiri kwamba katikati ya kilio nilikuwa nasubiri kushikwa bega.

Bi Zamda alimaliza chai yake. Aliweka kikombe chini kwa kupapasa, akakigeuza juu chini kama anavyofanya siku zote. Akanigeuzia yale macho yenye ukungu.

"Yale maji niliyamwaga mimi kwenye shina la mpapai, yalinuka mchuzi," akasema. "Mwaja hakunywa hata tone, kafa na homa yake kama watoto wengine wa masika yale. Wewe miaka yote unamlilia usiyemgusa. Uliyemtoa hapa ni mwanangu Amelia, na tangu umeanza kusema hata jina lake hujalitaja."